Dian Fossey: Maisha yaliyobaki katika ukungu wa Virunga na katika sinema za dunia

KIGALI – Wageni wengi wanaoshuka kwenye ndege mjini Kigali na kushika barabara ya kaskazini inayopanda na kuzunguka vilima hadi Musanze, huwa wamekwisha kuiona safari hiyo kabla ya kuianza. Waliiona gizani, ndani ya ukumbi wa sinema au mbele ya runinga nyumbani kwao, maelfu ya kilomita kutoka hapa: milima ya volkano iliyovaa ukungu, miti mizee iliyofunikwa na kuvumwani, na mwanamke mrefu aliyepiga magoti kwenye majani mabichi huku sokwe mkubwa akimnyooshea mkono.

Filamu hiyo, Gorillas in the Mist, ilitoka mwaka 1988. Hadi leo inatajwa kila watu wanapohesabu filamu zilizowachukua watazamaji na kuwapeleka katika nchi za mbali zenye uzuri wa ajabu. Lakini mwanamke ambaye maisha yake yalisimuliwa humo hakuiona. Dian Fossey aliuawa mwezi Desemba 1985 ndani ya kibanda chake kwenye mlima, akiwa na umri wa miaka 53. Alizikwa papo hapo, pembeni mwa sokwe aliowapenda, na ameacha maswali ambayo Rwanda na dunia hazijamaliza kuyajibu.

Mtoto wa California

Dian Fossey alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 katika jiji la San Francisco, jimbo la California nchini Marekani. Mwaka uliofuata Hollywood ilitoa filamu ya King Kong, na kwa miaka mingi baadaye watu wengi duniani walimjua sokwe kwa sura hiyo tu: dubwana lenye hasira, linaloteka wanawake na kubomoa majiji. Hakuna aliyeweza kubashiri kwamba mtoto huyo wa San Francisco ndiye angekuja kuibadili sura hiyo.

Utoto wake haukuwa wa furaha. Wazazi wake walitengana akiwa bado mdogo, na baba wa kambo aliyemlea, mfanyabiashara, alikuwa mtu wa sheria kali nyumbani. Binti huyo alikimbilia kwa wanyama, hasa farasi, akawa mpandaji hodari. Alipoingia chuo kikuu alianza na masomo ya kumwelekeza kwenye uganga wa mifugo, lakini kemia na fizikia zikamshinda. Akabadili njia, na mwaka 1954 akahitimu katika chuo cha San Jose, akiwa amesomea tiba ya kuwasaidia wagonjwa na walemavu kujimudu katika kazi za kila siku.

Kazi ilimpeleka Louisville, katika jimbo la Kentucky, kwenye hospitali ya watoto walemavu. Huko alijifunza jambo ambalo vitabu vya biolojia havifundishi: kukaa kimya pembeni mwa kiumbe mwenye hofu, kumsubiri kwa saa na siku, na kutomharakisha mpaka yeye mwenyewe aamue kusogea. Waliomfahamu baadaye msituni waliona kwamba subira ile ya hospitalini ndiyo iliyomfungulia mlango kwa sokwe.

Mkopo wa kuiona Afrika

Alikuwa na ndoto ya kuiona Afrika, nayo fedha hakuwa nazo. Mwaka 1963 alikopa dola 8,000, kiasi kilichokaribia mshahara wake wa mwaka mzima, akafunga safari. Alipita Kenya na Tanganyika. Katika Bonde la Olduvai alikutana na Louis Leakey, mtafiti mashuhuri wa asili ya binadamu, na hapo hapo akateguka kifundo cha mguu. Maumivu hayakumzuia. Aliendelea hadi Kongo, akapanda mlima Mikeno hadi mahali paitwapo Kabara, ambako wapiga picha za filamu wa Kenya, Alan Root na mkewe Joan, walikuwa wakiwarekodi sokwe wa milimani. Kwa msaada wao aliwaona sokwe kwa mara ya kwanza, na alipoondoka moyo wake ulibaki kule.

Mahali hapo palikuwa na historia. Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1925, ilikuwa hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika, na Carl Akeley, Mmarekani aliyeshawishi kuanzishwa kwake, alifia na kuzikwa Kabara mwaka 1926. Mwaka 1959 na 1960, mtaalamu George Schaller aliishi pale na kuwahesabu sokwe wa Virunga, akakadiria kwamba walikuwa kati ya 400 na 500.

Miaka mitatu baada ya safari yake, Leakey alifika Louisville kutoa mhadhara. Fossey alimfuata, wakazungumza, na mzee huyo akaamua kwamba huyu ndiye mtu anayefaa kuishi na sokwe wa milimani, kama Jane Goodall alivyokuwa akiishi na sokwe wadogo wa Gombe. Alimshauri atolewe kidole tumbo kabla ya kwenda kuishi mbali na hospitali. Fossey alifanyiwa upasuaji bila kusita, kisha akapata barua ya Leakey ikimweleza kwamba ushauri ule ulikuwa jaribio tu la kuupima moyo wake.

Kutoka Kabara hadi Karisoke

Mwezi Januari 1967 alianza kazi Kabara, akiishi ndani ya hema na kuandika kumbukumbu za kila siku. Lakini Kongo ilikuwa katika machafuko. Mwezi Julai mwaka huo askari walipanda mlimani na kumshusha kwa nguvu, wakamzuia Rumangabo. Alitoroka kwa hila: aliwashawishi askari wamsindikize kwa gari lake hadi ng'ambo ya mpaka, na walipofika Kisoro, nchini Uganda, askari wa Uganda wakawakamata waliomsindikiza. Kutoka hapo alifika Kigali, ambayo wakati huo ilikuwa mji mdogo wa nchi iliyopata uhuru miaka mitano tu kabla. Kila mtu aliyezungumza naye alimshauri arudi kwao. Hakurudi.

Nchini Rwanda alipata marafiki wawili waliomsaidia sana. Wa kwanza alikuwa Rosamond Carr, Mmarekani aliyelima maua na pareto karibu na Gisenyi, ambaye mwaka 1994 angefungua nyumba ya kulea yatima katika shamba lake. Wa pili alikuwa Alyette DeMunck, mwanamke mwenye asili ya Ubelgiji, aliyekuwa ametoka kufiwa na watu wake wa karibu katika machafuko ya Kongo. Ni DeMunck aliyepanda naye kutafuta mahali pa kambi. Tarehe 24 Septemba 1967, katika uwanda wa kimo cha takribani mita 3,000 kati ya milima Karisimbi na Bisoke, Fossey alisimika mahema yake. Alichukua mwanzo wa jina la mlima mmoja na mwisho wa jina la mwingine, ambao wakati huo uliandikwa Visoke, na kambi ikaitwa Karisoke.

Uzuri ambao filamu ingeuonyesha baadaye ulikuwa na gharama yake. Mvua ilinyesha karibu kila siku, matope yalifika magotini, upupu ulichoma ngozi kupitia nguo, na usiku baridi ilipenya kuta za mabati. Fossey alikuwa mvutaji wa sigara mwenye mapafu dhaifu, na tena aliogopa kimo. Mtu wa namna hiyo alichagua kuishi kwenye miteremko ya volkano kwa karibu miaka 18.

Majina ya Kiswahili msituni

Lugha aliyoitumia na wafanyakazi wake ilikuwa Kiswahili. Alijifunza kwa kusikia na kwa kulazimika, Kiswahili cha kambini kisichofuata sarufi, lakini ndicho kilichojenga Karisoke. Kwa lugha hiyo alipanga safari za doria, aligombana, alishukuru, na alifundishwa na Wanyarwanda jinsi ya kusoma nyayo, kinyesi kibichi na majani yaliyokanyagwa. Alifika akiwa hajui kufuata njia ya mnyama. Waliomfundisha ni vijana wa vijiji vya chini ya mlima, akiwemo Emmanuel Rwelekana, na majina yao yalionekana mara chache kwenye magazeti ya ng'ambo.

Kiswahili hicho kiliingia hata katika majina ya wanyama. Tumbili wake wa kambini aliitwa Kima. Dume mzee wa kundi moja aliitwa Rafiki. Kulikuwa na jike aliyeitwa Simba, na jike mwingine aliyeitwa Macho kwa sababu ya macho yake makubwa yenye kuvuta, na mwanawe aliitwa Kweli. Majina hayo yalisomwa baadaye na mamilioni ya watu wasiojua neno jingine lolote la Kiswahili.

Watu wa eneo hilo nao walimpa jina lake, Nyiramacibiri, ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa ni mwanamke anayeishi peke yake mlimani.

Njia yake ya kazi ilikuwa ya pekee. Hakuwafuata sokwe kama mwindaji anayejificha. Alijitokeza, akatembea kwa magoti na ngumi, akajikuna, akatafuna figili-mwitu, akaiga milio yao ya kuridhika wanapokula. Kila mmoja alimtambua kwa mikunjo ya pua yake, kama polisi wanavyotumia alama za vidole. Taratibu, makundi yaliyokuwa yakikimbia yalianza kumvumilia, kisha kumzoea. Kutokana na subira hiyo dunia ilijua kwamba sokwe wa milimani ni walaji wa majani wenye familia imara, kwamba majike huhama kutoka kundi moja kwenda jingine, na kwamba dume mgeni anaweza kuua kitoto cha kundi analoliingia. Kazi hiyo ilimpatia shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Kamera yapanda mlima

Kabla ya Hollywood, kamera nyingine zilifika Karisoke. Mwaka 1968, Bob Campbell, mpiga picha aliyeishi Kenya, alitumwa na jarida la National Geographic. Alikaa kwa vipindi virefu hadi mwaka 1972, na uhusiano wake na Fossey ukavuka mipaka ya kazi. Ni yeye aliyenasa kwa filamu wakati ambapo dume kijana aitwaye Peanuts aliunyoosha mkono na kuugusa mkono wa Fossey. Januari 1970, picha ya mtafiti huyo akiwa na sokwe wachanga ilitokea kwenye jalada la National Geographic, na ghafla mwanamke wa Karisoke akajulikana kila pembe ya dunia.

Picha hiyo ilificha kisa cha huzuni. Sokwe wachanga wawili, Coco na Pucker, walikuwa wamekamatwa porini kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Cologne, Ujerumani. Fossey aliwauguza hadi wakapona, akitumaini kuwarudisha msituni. Hakufanikiwa. Walipelekwa Ujerumani, na wote wawili walikufa huko mwaka 1978.

Mwezi Januari mwaka huo huo, mtangazaji David Attenborough alipanda Karisoke na kikosi cha BBC kurekodi mfululizo wa Life on Earth. Vitoto vya sokwe vilimpanda na kumchezea mbele ya kamera, na kipande hicho kikawa miongoni mwa vinavyokumbukwa zaidi katika historia ya runinga. Watazamaji waliona furaha. Hawakuona kwamba mwenyeji wa kikosi hicho, Fossey, alikuwa mgonjwa na amevunjika moyo, kwa sababu siku chache kabla Digit alikuwa ameuawa.

Kifo cha Digit

Digit alikuwa na umri wa miaka mitano hivi Fossey alipomwona kwa mara ya kwanza mwaka 1967. Alipewa jina hilo kwa sababu ya kidole chake kilichoharibika. Hakuwa na wenzake wa rika moja katika kundi, na pengine ndiyo sababu alimsogelea mwanadamu. Alikua mbele ya macho ya Fossey, kutoka mtoto mdadisi hadi dume mlinzi wa kundi.

Digit alijulikana Kigali kabla ya watu wengi kumjua Fossey mwenyewe. Idara ya utalii ya Rwanda ilitumia picha yake katika bango la kuwaalika wageni, na bango hilo lilibandikwa hotelini, katika mabenki na kwenye uwanja wa ndege wa Kigali, na pia katika ofisi za safari ng'ambo. Mnyama mmoja aliitangaza nchi nzima.

Tarehe 31 Desemba 1977, majangili na mbwa wao walilifikia kundi lake. Digit alibaki nyuma kupambana ili wengine wapate kukimbia. Alichomwa mikuki, kisha wakamkata kichwa na mikono. Miezi saba baadaye, Julai 1978, dume kiongozi wa kundi hilo, Uncle Bert, aliuawa kwa risasi, na Macho pia. Kweli alijeruhiwa, akafa baada ya miezi kadhaa.

Fossey alianzisha mfuko wa kuwalinda sokwe na kuuita Digit Fund. Vilevile alibadilika. Utafiti ukarudi nyuma, vita vikatangulia.

Vita vya mtu mmoja

Kuna mambo mawili ya kweli katika vita hivyo, na moja halifuti jingine. La kwanza ni kwamba sokwe walikuwa wakielekea kwisha. Hesabu ya mwaka 1981 ilionyesha kuwa waliobaki Virunga walikuwa takribani 250, karibu nusu ya wale wa enzi za Schaller. Mwishoni mwa miaka ya 1960 takribani hekta 10,000 za hifadhi upande wa Rwanda zilikatwa kwa ajili ya mashamba ya pareto. Mitego iliyowekwa kwa ajili ya swala ilikata mikono na miguu ya sokwe, na ng'ombe walilishwa ndani ya msitu. Doria zilizolipwa na Fossey ziliharibu mitego kwa maelfu.

La pili ni kwamba alikuwa mkali kupita kiasi. Barua zake na kumbukumbu za watu waliofanya kazi naye zinaeleza kuwa aliwafunga majangili, akawachapa kwa upupu, akachoma mali zao, akapiga risasi ng'ombe, na kuwatisha watu kwa vinyago na uchawi wa kubuni. Mara moja alimshikilia mtoto wa jangili. Wakulima na wafugaji wa chini ya mlima, waliokuwa maskini katika nchi yenye watu wengi na ardhi ndogo, walimwona mgeni anayewapenda wanyama kuliko watu. Hata baadhi ya watafiti wenzake walimkimbia.

Ugomvi mkubwa zaidi ulihusu utalii. Mwaka 1979, Wamarekani Bill Weber na Amy Vedder, waliokuwa wamefika Karisoke mwaka mmoja kabla, walishirikiana na mamlaka ya Rwanda kuanzisha mpango wa kuwazoesha sokwe kwa makundi madogo ya watalii wanaolipa. Hoja yao ilikuwa kwamba msitu usiowaletea wananchi chochote hautadumu. Fossey aliupinga mpango huo. Aliogopa maradhi ya wanadamu, kelele, na sokwe kugeuzwa maonyesho.

Mwaka 1980 aliondoka na kufundisha kwa miaka kadhaa katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Huko alimaliza kitabu chake, Gorillas in the Mist, kilichotoka mwaka 1983. Kiliuzwa sana na kutafsiriwa kwa lugha nyingi. Angeweza kukaa huko akila matunda ya umaarufu wake. Alirudi Karisoke, akiwa na mapafu yaliyochoka kiasi cha kushindwa kuwafikia sokwe bila kupumzika njiani mara kwa mara.

Usiku wa Desemba

Asubuhi ya tarehe 27 Desemba 1985, wafanyakazi wa kambi walimkuta amekufa ndani ya kibanda chake, amekatwa kwa panga. Ukuta wa mabati ulikuwa umetobolewa. Fedha na vitu vya thamani havikuchukuliwa. Tarehe 31 Desemba, miaka minane kamili tangu Digit auawe, alizikwa kwenye makaburi ya sokwe aliyoyatengeneza yeye mwenyewe.

Upelelezi haukuleta utulivu. Rwelekana, yule mfuata nyayo wa siku nyingi, alikamatwa na baadaye akakutwa amekufa gerezani. Mtafiti mmoja wa Kimarekani aliyekuwa msaidizi wa Fossey alihukumiwa mwaka 1986 na mahakama ya Ruhengeri akiwa tayari ameondoka nchini; alikana na hakurudi. Wengi walionadhiri suala hilo hawakuridhika na hukumu, na muuaji hajafahamika kwa namna inayokubalika na wote.

Filamu na ukweli

Mwezi huo huo wa Desemba 1985 kumbi za Marekani zilianza kuonyesha Out of Africa, filamu iliyowapeleka watazamaji katika vilima vya Ngong, Kenya, na kujishindia tuzo saba za Oscar. Dunia ilikuwa na kiu ya mandhari ya Afrika Mashariki. Kisa cha Fossey kilifika Hollywood wakati huo.

Mwongozaji Michael Apted alileta kikosi chake Rwanda mwaka 1987. Sigourney Weaver, aliyeigiza nafasi ya Fossey, alipanda milimani na kukaa karibu na sokwe halisi. Alan Root, yule yule aliyemwonyesha Fossey sokwe wa kwanza, alihusika katika kuwarekodi wanyama, na pale ambapo haikuwezekana kutumia wanyama wenyewe, waigizaji walivaa mavazi yaliyotengenezwa na fundi Rick Baker. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo tano za Oscar, na Weaver alipata tuzo ya Golden Globe.

Filamu haikuficha kabisa ukali wa Fossey; inamwonyesha akichoma vibanda na kuwatisha majangili. Lakini ilifanya kile ambacho filamu za aina hiyo hufanya: iliwakusanya wengi katika mtu mmoja. Sembagare, msaidizi mwaminifu aliyeigizwa na John Omirah Miluwi, hakuwahi kuishi. Ni mtu wa kubuni, aliyeundwa kutokana na wafuata nyayo kadhaa. Mtazamaji alitoka ukumbini akiukumbuka msitu na mwanamke mmoja. Wanyarwanda waliobeba mizigo, waliofuata nyayo na waliolala kwenye mvua wakisubiri majangili walibaki nyuma ya ukungu.

Hata hivyo filamu ilifanya jambo ambalo mikutano mingi haikuweza. Watu walitaka kuja. Utalii ambao Fossey aliuogopa ulichochewa na filamu iliyobeba maisha yake, na mapato yake yakawa ngao ya wanyama aliowafia.

Yaliyobaki

Kambi ya Karisoke haikunusurika. Vita vilivyoanza 1990 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 viliwatawanya wafanyakazi, na vibanda viliporwa na kubomolewa. Wafuata nyayo kadhaa waliendelea kurudi msituni kila hali iliporuhusu. Kazi ilihamia Musanze, chini ya mfuko ambao tangu 1992 una jina la Dian Fossey, na mwaka 2022 kituo kipya cha utafiti kilifunguliwa Kinigi, ambako vijana wa Kinyarwanda wanasomea sayansi ambayo zamani ilionekana kuwa ya wageni.

Hesabu iliyofanywa mwaka 2015 na 2016 ilipata sokwe 604 katika Virunga. Pamoja na wale wa Bwindi, Uganda, idadi yote ilifika 1,063, na mwaka 2018 sokwe wa milimani waliondolewa katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kibali cha kuwaona nchini Rwanda kinagharimu dola 1,500 kwa mgeni tangu 2017, kundi moja likipokea watu wasiozidi wanane kwa saa moja tu kwa siku, na asilimia kumi ya mapato ya utalii wa hifadhi hupelekwa kwa jamii zinazoizunguka. Masharti ya kukaa mbali na mnyama na kuvaa barakoa yanaonyesha kwamba hofu ya Fossey kuhusu maradhi haikuwa ya bure. Ongezeko la sokwe linaonyesha kwamba waliotaka watalii nao hawakukosea.

Tangu mwaka 2005 Rwanda hufanya sherehe ya Kwita Izina, ambapo vitoto vya sokwe hupewa majina mbele ya umati, kwa kufuata desturi ya Wanyarwanda ya kumpa mtoto jina. Katika miaka ya Fossey jina liliandikwa usiku, kwa mwanga wa taa, na mtu mmoja katika daftari lake. Sasa wakazi wa Kinigi, watoto wa wale waliokuwa wakikimbizwa msituni, husimama mstari wa mbele kusikia majina yanayotangazwa.

Juu, kati ya Karisimbi na Bisoke, makaburi yapo. Wageni wenye nguvu za kupanda hufika, wengi wao wakiwa wameletwa na filamu waliyoiona miaka mingi iliyopita. Wanakuta vibao vya mbao vyenye majina, Digit, Uncle Bert, Macho, na pembeni yao jiwe lenye jina la Nyiramacibiri. Anayejua Kiswahili husimama kidogo zaidi mbele ya kibao cha Macho, kwa kuwa yeye hahitaji kutafsiriwa.